Umri wa mifupa: karpali zinasema miaka 8, pingili zinasema 10. Nifuate zipi?

Kaseti_Mufindi aliuliza:

Habari za kazi wakuu wa mionzi na wakuu wa watoto. Naomba msaada wa kusoma picha moja kabla haijarudi kwa daktari aliyeiomba. Hapa kituoni hatuna radiolojista (daktari msomaji wa picha), maelezo ya awali huandika anayepiga picha.

Mgonjwa ni mvulana wa miaka 12 na miezi 4 kwa tarehe iliyo kwenye kadi ya kliniki. Kimo sm 132, uzito kilo 27. Fomu imeandikwa "mfupi kwa umri, hajaanza kubalehe, tunaomba umri wa mifupa". Imepigwa eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto, nimeiweka hapa. Ninachokiona:

Epifisi (vipande vya mwisho wa mfupa vinavyokua) za pingili zote za vidole zipo. Zile za pingili za shina, yaani zilizo karibu na kiganja, zimefikia upana wa mwili wa mfupa (shina lenyewe), ila pembe zake bado ni butu, hazijakunja. Kasesamoidi (kafupa kadogo ka pembeni) ka kidole gumba hakapo. Kwenye karpali (vifupa vya kifundo cha mkono), pisifomu haipo. Epifisi ya ulna (mfupa wa mkono upande wa kidole cha mwisho) ipo, nyembamba. Skafoidi, trapeziamu na trapezoidi zipo lakini ni ndogo, nafasi kati yake ni kubwa.

Kwa picha za mfano za kitabu cha Greulich na Pyle cha kulinganishia umri wa mifupa, vidole vinafanana na mvulana wa miaka 10. Karpali hazifiki hapo, ziko kati ya 8 na 9. Je, nichukue wastani niandike 9? Na kama ni 10, mtoto amechelewa miaka 2, hiyo bado ni kawaida au siyo?

La pili, kuna timu ya vijana imeleta wachezaji sita wapigwe mkono "kuthibitisha wako chini ya miaka 17". Nimewaambia wasubiri. Mnasemaje?

---

Mionzi_Tukuyu:

Mkuu, kabla ya kuingia kwenye namba tuiangalie picha yenyewe. Hiyo uliyoweka hapa imepigwa kwa simu kwenye kisanduku cha mwanga, na simu ililala upande: ukingo wa kulia wa filamu ni mpana kuliko wa kushoto. Kwa kuangalia kama mfupa umevunjika inatosha. Kwa umri wa mifupa, ambapo unalinganisha upana wa epifisi na upana wa shina, haitoshi. Zima flashi, zima taa ya chumba, ziba kwa karatasi nyeusi mwanga unaotoka pembeni ya filamu, simu iwe sambamba na kisanduku, kisha piga mbili: moja mkono mzima, nyingine karpali peke yake. Kama mna kaseti za dijitali, toa faili lenyewe kwenye mashine, usipige kioo cha kompyuta picha.

La pili, kidole cha pete na cha mwisho vinaonekana vimekunja kidogo. Hili linaharibu usomaji kuliko watu wanavyodhani. Kidole kikikunja, mwale unaipiga pingili kwa mshazari, epifisi inalalia shina, ule mstari mweusi wa gegedu ya ukuaji unafinyika au unapotea kabisa. Msomaji anaona "imeanza kufunga" wakati hakuna kilichofunga. Kosa hili siku zote linamzeesha mtoto, halimfanyi mdogo.

Upigaji wenyewe uwe hivi:

Mtoto akae ubavuni mwa meza, asikae akiitazama kwa mbele, miguu isiwe chini ya boriti (mwale wa mashine). Kiti kipandishwe mpaka bega, kiwiko na kiganja viwe usawa mmoja, kiwiko kikunje nyuzi 90. Bega likiwa juu kuliko meza, kifundo hujinyanyua chenyewe, na hapo ndipo vidole vinapoanza kukunja. Kiganja kilale kifudifudi, kitazame chini, kigusane na kaseti kila mahali. Kidole cha kati kinyooke katika mstari mmoja na mfupa wa mkono, visipinde kuelekea gumba wala kuelekea kidole cha mwisho. Vidole viachane kidogo tu, ngozi isigusane. Gumba likae lenyewe kama nyuzi 30 kutoka kidole cha shahada, usilivute.

Boriti iwe wima, katikati yake ipige kichwa cha mfupa wa tatu wa kiganja, yaani kwenye konzi la kidole cha kati. Umbali sm 100. Usitumie gridi. Foka ndogo. Anzia kV 50 mpaka 55, mAs kati ya 1.5 na 2.5 kulingana na mashine na unene wa mkono. Funga boriti iishie kwenye ncha za vidole juu na sm 3 hivi za radiasi (mfupa wa mkono upande wa gumba) na ulna chini. Wengi wanakata chini, wakidhani kilichoombwa ni kiganja. Kwa kijana wa miaka 16 hicho kipande cha chini ndicho pekee chenye habari.

Alama ya kushoto iwekwe kabla ya kupiga, isiandikwe baadaye kwa kalamu. Na vua kila kitu: bangili, saa, shanga, na ile kamba nyeusi yenye hirizi. Kama mama hataki kamba ikatwe, isogeze ipande hadi karibu na kiwiko, usianze ugomvi. Hina haionekani kwenye picha, iache.

Kwa mtoto mdogo asiyetulia, chora kiganja kwenye karatasi nyeupe, iweke juu ya kaseti, mwambie afunike mchoro kwa mkono wake. Inafanya kazi kuliko kumshika. Ikilazimu kushikwa, ashike mzazi aliyevaa aproni ya risasi, na kama ni mama muulize kwanza kama ana ujauzito.

---

Dkt_Uyole:

Namshukuru Mionzi_Tukuyu, sasa tusome.

Jibu fupi: fuata vidole, na usichukue wastani.

Sababu ni hii. Karpali huanza kuonekana kwa mpangilio unaojulikana: kapiteti na hameti katika miezi michache ya mwanzo, trikwetramu mwaka wa 2 au wa 3, luneti karibu na wa 4, kisha skafoidi, trapeziamu na trapezoidi kati ya miaka 4 na 6, pisifomu mwishoni kabisa, miaka 8 hadi 12. Mpangilio ni mzuri kuukariri lakini tofauti kati ya mtoto na mtoto ni kubwa, na karpali ndizo zinazonyong'onyea kwanza mtoto akikosa lishe au akiugua muda mrefu. Zikishatokea zote saba, kinachobaki kupimwa ni ukubwa na umbo, na hapo macho ya watu wawili hayakubaliani.

Kwa hiyo kila rika lina sehemu yake ya kuangalia. Mtoto mchanga, mpaka kama miezi 10 kwa msichana na 14 kwa mvulana, angalia karpali na epifisi ya radiasi. Hakuna kingine cha kuangalia. Kutoka hapo mpaka miaka 2 kwa msichana na 3 kwa mvulana, hesabu epifisi ngapi za vidole na za mifupa ya kiganja zimeshatokea. Baada ya hapo mpaka kubalehe, pima upana wa epifisi za pingili dhidi ya shina. Wakati wa kubalehe, epifisi huwa pana kuliko shina na pembe zake zinakunja kulikumbatia, kama kofia iliyovutwa hadi masikioni. Kasesamoidi ka gumba hujitokeza kipindi hicho, karibu na miaka 11 kwa wasichana na 13 kwa wavulana. Kisha kufunga: kwanza pingili za ncha, halafu mifupa ya kiganja, halafu pingili za shina, halafu za kati. Mwisho kabisa ulna na radiasi.

Mtoto wako yuko kwenye hatua ya upana. Epifisi za pingili za shina zimelingana na shina, hazijakumbatia, sesamoidi haipo. Hiyo ni picha ya mvulana wa miaka 10. Wala usiende moja kwa moja kwenye picha ya umri wa kadi. Anza na jinsia, kwa sababu kosa la kufungua upande wa wasichana hutokea, nao wametangulia wavulana kwa karibu miaka 2 wakikaribia kubalehe. Tafuta picha inayofanana kwa jumla, kisha linganisha na iliyo kabla yake na iliyo baada yake, mfupa kwa mfupa: pingili za ncha, za kati, za shina, mifupa ya kiganja, radiasi, ulna, karpali mwisho. Ikiwa iko katikati ya picha mbili, sema katikati. Kumbuka picha hazikupangwa kwa hatua sawa. Ziko 31 za wavulana na 27 za wasichana, mahali pengine zinaruka mwaka mzima, mahali pengine miezi sita, hivyo "nusu kati ya mbili" si miezi sita kila mara.

Umri wa kadi ufunike unaposoma. Msomaji aliyeuona anavutwa kuelekea kwake bila kujijua. Soma, andika, ndipo ufunue.

Karpali usizitupe. Zitaje kwa maneno: "karpali zimebaki nyuma ya vidole". Tofauti ya zaidi ya mwaka kati ya makundi mawili ni habari yenyewe kwa daktari wa watoto.

---

Mizani_ya_TW:

Nakubaliana na Dkt_Uyole kwenye jibu ila namna ya kufika huko ina udhaifu. Kulinganisha kwa macho kunabadilika kutoka kwa msomaji hadi msomaji, na hata kwa msomaji yuleyule asubuhi na jioni. Njia ya Tanner na Whitehouse, toleo la tatu la 2001, inampa kila mfupa herufi yake ya hatua, herufi inageuzwa kuwa alama, alama zinajumlishwa, jumla inasomwa kwenye jedwali la jinsia. Mifupa ni 13: radiasi, ulna, na vidole vya kwanza, cha tatu na cha tano tu. Kidole cha shahada na cha pete havihesabiwi. Karpali zina hesabu yao pembeni, hazichanganywi. Ndiyo maana swali la "wastani wa karpali na vidole" huko halitokei kabisa.

Inachukua muda zaidi, kama mara tatu au nne ya kulinganisha kwa macho ukiwa mgeni. Kwa kituo kinachopata ombi moja kwa mwezi sioni haja. Kwa anayefuatilia mtoto mmoja mwaka hadi mwaka, ni bora.

La muhimu kuliko yote: usibadili njia katikati. Picha ya kwanza ikisomwa kwa Greulich na Pyle, ya mwaka ujao isomwe hivyohivyo, la sivyo utaandika kwamba mifupa imeruka au imesimama wakati kilichobadilika ni kitabu.

---

Kaseti_Mufindi:

Asanteni sana. Nimerudia picha leo kwa maelekezo ya Mionzi_Tukuyu, vidole vimelala vizuri. Usomaji haujabadilika, bado miaka 10 kwa vidole. Kwa hiyo 12 kutoa 10 ni miaka 2, na mwongozo niliosoma unasema hadi miaka 2 ni kawaida. Niandike "ndani ya kawaida"?

---

Dkt_Uyole:

Hapana ndugu, hapo umeteleza mara mbili.

Kwanza, umri haukatwi mkia. Fanya kazi kwa miezi. Miaka 12 na miezi 4 ni miezi 148. Umri wa mifupa ni miezi 120. Tofauti ni miezi 28, siyo 24.

Pili, "miaka 2" siyo kipimo, ni mazoea ya midomoni. Kipimo ni mkengeuko sanifu wa umri ule, yaani watoto wa kawaida hutawanyika kiasi gani kuzunguka wastani. Kitabu kina jedwali lake, na unaliingia kwa umri halisi wa mtoto na jinsia yake, siyo kwa umri wa mifupa uliousoma. Kwa wavulana wa rika hili mkengeuko mmoja ni karibu miezi 10 hadi 11. Tuchukue 10.5 kwa hesabu. Mara mbili ni miezi 21. Kwa hiyo kawaida ni kuanzia miezi 127 hadi 169, yaani miaka 10 na miezi 7 mpaka miaka 14 na mwezi 1. Yeye yuko 120. Gawanya 28 kwa 10.5 unapata kama 2.7. Amechelewa, na amepita mpaka.

Ingekuwa mtoto wa miaka 3, kuchelewa miaka 2 kungekuwa balaa, kwa kuwa mkengeuko wa umri ule ni mdogo zaidi. Ndiyo maana kanuni ya miaka 2 haifai kwa kila rika.

Tena, kabla hujasaini, hakikisha tarehe ya kuzaliwa. Kadi ya kliniki iliyoandikwa wiki ya kuzaliwa ina uzito. Kadi iliyobadilishwa baada ya ile ya kwanza kupotea, tarehe mara nyingi imekaririwa na bibi. Omba cheti cha kuzaliwa, na kama hakipo omba cheti cha ubatizo. Huku kwetu familia nyingi hukitunza kuliko karatasi yoyote ya serikali. Kosa la mwaka mmoja kwenye tarehe linageuza jibu lote.

---

Lishe_Njombe:

Naongeza upande wa mtoto mwenyewe, maana namba 2.7 peke yake inaweza kumtisha mzazi bure au kumtuliza bure.

Picha za mfano za Greulich na Pyle zilitoka kwa watoto wa Cleveland, Ohio, waliopigwa kuanzia miaka ya 1930, weupe wa familia zenye uwezo. Toleo linalotumika ni la 1959. Huyu wa Mufindi analinganishwa na hao. Jirani zetu wa Malawi walishapimwa hivyo, matokeo yakachapishwa mwaka 2002: wengi wa watoto walikuwa nyuma ya umri wao halisi, wastani kama miezi 20. Huo siyo ushahidi kwamba mifupa ya Mwafrika ni ya pole kwa asili. Watoto wa Kiafrika wanaokula vizuri hawabaki nyuma hivyo. Ni lishe na magonjwa yaliyorundikana.

Na huku kwetu yanarundikana kweli. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 uliikuta Iringa na udumavu wa karibu asilimia 57 kwa watoto chini ya miaka 5, Njombe na Rukwa karibu asilimia 50, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30. Mikoa inayolisha nchi mahindi na viazi. Mtoto anashiba ugali, ila shibe ya ugali haijengi mfupa.

Kwa hiyo ukimwona mtoto wa hapa amechelewa kwa 2.7, udumavu wa muda mrefu ni jibu linalowezekana sana. Hatari yake ni kwamba linafunika mengine yote. Angalia kimo kinaeleza nini: kwa chati za WHO, sm 132 ndio katikati ya wavulana wa miaka 9. Umri wa kimo 9, umri wa mifupa 10, umri halisi 12 na kitu. Mifupa na kimo vimechelewa vikikaribiana. Hiyo ni sura ya udumavu, au ya mtoto ambaye ukoo wao hubalehe kwa kuchelewa. Waulize wazazi: baba alianza kunyoa ndevu lini ukilinganisha na wenzake, mama alivunja ungo na miaka mingapi. Pima vimo vyao, usiulize tu. Baba akiwa sm 168 na mama 155, jumlisha, ongeza 13 kwa kuwa mtoto ni wa kiume, gawa kwa 2: unapata 168. Hapo ndipo anapotarajiwa kuangukia akiwa mtu mzima, zaidi au pungufu kama sm 8 hadi 10. Angekuwa msichana ungetoa 13 badala ya kuongeza.

Ingekuwa mifupa imebaki nyuma hata ya kimo, kwa mfano miaka 6 wakati kimo ni cha 9, ningeshika thairoidi (tezi ya shingoni) moja kwa moja. Upungufu wa homoni ya thairoidi unaisimamisha mifupa kuliko unavyosimamisha kimo. Na nyanda hizi zina historia ndefu ya rovu kwa kukosa madini joto. Chumvi yenye madini joto imepunguza sana, lakini ile ya mawe inayouzwa kwa kopo gulioni haina uhakika. Hata kwa huyu ningepima TSH, kipimo cha damu cha thairoidi.

Vingine visivyosubiri: kipimo cha VVU, kwa sababu Njombe, Iringa na Mbeya ndizo zinazoongoza nchini na mtoto aliyeambukizwa kwa mama anaweza kufika miaka 12 akiwa na ufupi tu bila dalili nyingine; picha nzima ya damu; mkojo na kreatinini kwa ajili ya figo; choo. Uliza dawa pia, hasa prednisoloni ya pumu au ya figo iliyotumika miezi mingi.

---

Mionzi_Tukuyu:

Na mkono wenyewe una habari zaidi ya umri. Ukimaliza kulinganisha, rudi uangalie mambo haya kabla filamu haijatoka mezani. Mwisho wa radiasi na ulna: umepanuka, umekuwa kama kikombe, kingo zimechanika kama ufagio uliozeeka? Hiyo ni rickets, matege ya kukosa vitamini D au kalsiamu, na hapo umri wa mifupa hausomwi mpaka atibiwe, kwa sababu gegedu imevimba na epifisi inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Mistari myeupe ya kukingama karibu na mwisho wa radiasi: alama za vipindi ambavyo ukuaji ulisimama. Mfupa wa nne wa kiganja mfupi kuliko jirani zake, hasa kwa msichana mfupi: taja, daktari afikirie ugonjwa wa Turner (hitilafu ya kromosomu kwa wasichana). Pingili ya kati ya kidole cha mwisho iliyopinda: mara nyingi ni ya kawaida, taja kwa neno moja.

Mkono wa kushoto ukiwa na plasta au umewahi kuvunjika kifundo, piga wa kulia na uandike hivyo. Tofauti kati ya kushoto na kulia ni ndogo sana, lakini mkono uliokaa kwenye plasta wiki sita umepoteza madini, unasomeka vibaya.

---

Mizani_ya_TW:

Kuhusu wachezaji. Usiwapige.

Nieleze kwa nini, maana viongozi wa timu watakuambia FIFA wanafanya. FIFA walianza mwaka 2009 kwa mashindano ya chini ya miaka 17, na wanatumia MRI (picha ya sumaku) ya kifundo, siyo eksirei. MRI haina mionzi. Wanaangalia kitu kimoja tu: gegedu ya mwisho wa radiasi imefunga kabisa au bado. Imefunga kabisa, mchezaji anatolewa. Bado, anacheza. Hawasemi ana miaka mingapi.

Eksirei ya mkono ni mionzi kidogo mno, chini ya mikrosivati moja, hilo nakubali. Lakini mionzi bila faida kwa anayepigwa haina uhalali hata iwe kidogo, na kanuni zinazosimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki zinataka kila picha iwe na sababu. "Kocha ameomba" siyo sababu ya kitabibu.

Na hata ukiwapiga, picha haitajibu swali lao. Karibu na miaka 16 hadi 18 mkengeuko sanifu unazidi mwaka mmoja, kwa hiyo kawaida inaenea zaidi ya miaka 2 kila upande. Kijana wa miaka 16 aliyebalehe mapema anaweza kuwa amefunga. Wa miaka 19 aliyedumaa utotoni, na hapa kwetu wako wengi, anaweza kuwa wazi kabisa. Utamfungia wa kweli na kumpitisha wa uongo, kwa saini yako.

Likija ombi la mahakama au la ustawi wa jamii ni habari nyingine: kuna amri ya maandishi, kuna ridhaa, na jibu hutolewa na daktari akiunganisha meno, mwili na nyaraka, kwa masafa ya umri, siyo namba moja. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18, na mkono peke yake hauwezi kukata kati ya 17 na 18.

---

Kaseti_Mufindi:

Nimewaelewa wote. Wachezaji nimewarudisha, nimewaelekeza wakafuate vyeti vya kuzaliwa RITA, wakala wa usajili. Baba wa mtoto ameleta cheti cha ubatizo, tarehe inapishana na kadi kwa wiki tatu tu, kwa hiyo nimebaki na 12 na miezi 4. Rasimu ya maelezo ni hii, naomba mnisahihishe:

"Eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto, mtazamo wa kutoka nyuma ya kiganja. Mvulana. Njia: Greulich na Pyle, 1959. Umri wa mtoto ni miaka 10 kwa vidole. Karpali miaka 8 hadi 9. Umri huu haulingani na umri wa kwenye kadi. Hakuna dalili za rickets. Arudie picha baada ya miezi 3."

---

Dkt_Uyole:

Imekaa vizuri isipokuwa mistari mitatu.

"Umri wa mtoto ni miaka 10" futa kabisa. Karatasi hii itasafiri. Mwalimu ataiona, pengine na mtu wa timu, na kesho mtoto ataambiwa alidanganya umri. Andika "umri wa mifupa", kila mahali unapotokea, hata kama unajirudia.

"Haulingani na umri wa kadi" inasomeka kama kadi ni ya uongo. Badala yake: "Umri halisi miaka 12 na miezi 4 (miezi 148). Umri wa mifupa miaka 10 (miezi 120). Tofauti miezi 28, sawa na takriban mikengeuko 2.7 chini ya wastani wa umri na jinsia. Mifupa imechelewa kukomaa. Karpali zimebaki nyuma ya vidole kwa zaidi ya mwaka." Basi. Sababu ya kuchelewa mwachie daktari anayemwona mtoto.

Miezi 3 ni mapema mno, mfupa hautakuwa umeonyesha tofauti inayozidi kosa la msomaji. Picha isirudiwe kabla ya mwaka, labda daktari aanze dawa inayohitaji ufuatiliaji. Kinachorudiwa mapema ni kimo: baada ya miezi 6, ubao uleule wa ukutani, bila viatu, saa zilezile za siku kwa sababu asubuhi mtu huwa mrefu kuliko jioni, na apimwe mara tatu ichukuliwe wastani. Akiwa anaongezeka chini ya sm 4 kwa mwaka, apewe rufaa Hospitali ya Kanda Mbeya, na hii filamu aende nayo mkononi, siyo picha ya simu.

---

Mionzi_Tukuyu:

Na ongeza mstari wa ubora wa picha: "vidole vimenyooka, radiasi na ulna zimeonekana sm 3". Atakayeisoma mwakani ajue analinganisha na nini. Filamu usiikunje kwenye bahasha ya kaki. Tia karatasi ngumu nyuma, mvua za Mufindi unazijua.